Nikeli juu ya silika kwa mafuta ya nyonyo: bechi ya kwanza inakwama, ya pili kichocheo kimekufa

Fundi_Njiro (Arusha)

Habarini wakuu. Naomba macho ya wanaojua vichocheo.

Kazi ni kutia hidrojeni kwenye mafuta ya nyonyo yawe nta ngumu ya kutengenezea grisi na rangi ya viatu. Tunalenga namba ya ayodini (kipimo cha vifungo maradufu vilivyobaki) chini ya 4, namba ya hidroksili (kipimo cha makundi ya OH) isishuke chini ya 155, na nta iyeyuke kuanzia nyuzi 85. Reakta ni otoklevu (chombo cha presha) ya chuma cha pua ya lita 20, imeidhinishwa hadi bar 16. Kikorogeo kina mapanga bapa, mizunguko 300 kwa dakika. Hidrojeni inatoka kwenye mtungi wa lita 50.

Kichocheo tunakitengeneza wenyewe. Silika, unga wenye vitundu unaobeba nikeli, ina uso wa mita za mraba 300 kwa gramu, na ujazo wa vitundu ni mililita 1 kwa gramu. Tunailowesha kwa nikeli nitreti iliyoyeyushwa kwenye maji ya bomba, hesabu ya nikeli 20%. Inakaushwa nyuzi 110, inachomwa nyuzi 550 kwa saa 4 kwenye bakuli ndani ya tanuri lililofungwa, kisha inapitishiwa hidrojeni nyuzi 400 kwa saa 3 kwenye tanuri la bomba. Ikipoa inatolewa, inapimwa mezani, inamwagwa kwenye mafuta. Ikitoka kwenye bomba hupata moto kidogo halafu hutulia.

Bechi: mafuta kilo 8, kichocheo gramu 80, nyuzi 180, bar 5 za geji, saa 5. Kiasi cha hidrojeni tunakisoma kwenye geji ya mtungi.

Mafuta yamekamuliwa baridi na kuchujwa kwa kitambaa. Namba ya ayodini 86, hidroksili 163, asidi huru 1.4%, fosforasi miligramu 38 kwa kilo.

Matokeo: bechi ya kwanza ayodini 24, hidroksili 141, inayeyuka nyuzi 71. Bechi ya pili, kichocheo kilekile kilichochujwa, ayodini 61 tu. Nta ina ukijani hafifu. Kwenye XRD (kipimo cha fuwele kwa eksirei, nyuzi zake ni za pembe) kilele cha nikeli cha nyuzi 44.5 kina upana wa 0.35 kwenye nusu ya kimo, na kando yake kuna kilele cha oksidi kwenye 43.3.

Niongeze kichocheo, niongeze joto, au tatizo liko kwingine?

Mhandisi_Themi

Mkuu, joto usiongeze hata nyuzi moja. Lishushe.

Ushahidi ni hiyo hidroksili 141. Kwenye asidi ya risinoleiki kundi la OH liko kaboni ya 12, na kifungo maradufu kiko kati ya 9 na 10. Katikati yao kuna kaboni moja, na hiyo moja ndiyo inayoiokoa OH. Nikeli kabla ya kukijaza kifungo inaweza kukisogeza. Kikifika 10–11 kinapakana na OH, na hapo OH ama inang'olewa ama inageuka ketoni. Kusogezwa huko kunashinda pale uso wa nikeli unapokosa hidrojeni ya kutosha: joto kubwa, presha ndogo, kukoroga hafifu. Wewe unavyo vyote vitatu. Na kadiri unavyopanda juu ya 180 mafuta ya nyonyo yenyewe huanza kutoa maji na kutengeneza vifungo vipya, maana yake namba ya ayodini inajazwa upande mmoja na kupandishwa upande wa pili.

Nenda nyuzi 135 hadi 140, bar 10, mizunguko 700 au zaidi. Mafuta ya nyonyo ni mazito kuliko ya alizeti kwa mbali, hata yakiwa ya moto, na mapanga bapa peke yake hayarudishi gesi iliyokwisha kupanda juu. Shafti yenye tundu inayovuta gesi kutoka juu na kuipiga chini kwenye mafuta ndiyo inayofaa kwenye otoklevu ya namna hii. Kama huna, chomelea ndani vipande vinne vya bati la chuma cha pua, wima, upana wa moja ya kumi ya kipenyo cha chombo, ili mafuta yasizunguke tu kama uji kwenye sufuria.

Jaribio la kujua nani anachelewesha ni rahisi. Badilisha mizunguko peke yake, kila kitu kingine kibaki. Kasi ya kunyonya hidrojeni ikipanda, gesi ndiyo haifiki. Isipobadilika, punguza kichocheo hadi nusu: kasi ikishuka nusu, basi unaona kazi ya kichocheo chenyewe. Watu wengi hulaumu kichocheo wakati tatizo ni mota.

Sasa hesabu ya hidrojeni. Kushusha namba ya ayodini kwa 1 kwenye tani moja ya mafuta kunakula moli 39.4 za hidrojeni, karibu mita za ujazo 0.88 za kawaida. Kutoka 86 hadi 3 kwa kilo 8 ni moli 26. Kwenye mtungi wa lita 50 hizo ni bar 13 tu. Geji ya regyuleta ina mistari ya bar 5 au 10! Ukikosea bar 2.5 umekosea moja ya tano ya bechi nzima, yaani namba ya ayodini 16 hivi. Weka tangi la kati la lita 10 lenye geji yake ya 0 hadi 40, ulijaze hadi 30, ulitumie hadi 10, ulijaze tena. Bechi yako itakula matangi matatu na robo. Hata hivyo kusimamisha kazi kwa gesi peke yake si sahihi. Chota sampuli, pima namba ya ayodini na kiwango cha kuyeyuka.

Na jambo moja ambalo hujaliona kwa sababu kichocheo chako ni cha polepole: joto la kemikali yenyewe. Kila namba ya ayodini inayoshuka inapandisha mafuta kwa nyuzi 1.6 hadi 1.7. Kwa namba 83 bila kupoza ni zaidi ya nyuzi 130 juu ya pale ulipoanzia. Kichocheo kikiwa kizima utahitaji koili ya maji inayofanya kazi kweli, na mkono kwenye vali ya hidrojeni. Joto likikimbia, funga gesi kwanza, maji baadaye.

Bi_Kemia (Tengeru)

Mhandisi amemaliza upande wa reakta. Mimi nashika kichocheo.

Kilele cha upana wa 0.35, ukikipitisha kwenye hesabu ya Scherrer (inayotoa ukubwa wa fuwele kutokana na upana wa kilele) kwa mionzi ya shaba, kinakupa fuwele za nanomita (nm) 25. Kwa nikeli kuna kanuni ya haraka: gawanya 101 kwa kipenyo cha nm, unapata asilimia ya atomu zilizo usoni. Kwako ni 4%. Gramu 80 zina nikeli gramu 16, moli 0.27, lakini zinazofanya kazi ni moli 0.011. Zilizobaki zimefukiwa ndani ya fuwele, zinakula pesa.

Sasa weka fosforasi kando yake. Miligramu 38 kwa kilo, mara kilo 8, ni gramu 0.30, karibu moli 0.01. Yaani karibu atomu moja ya fosforasi kwa kila atomu ya nikeli iliyo usoni. Si yote itakayokwenda kukaa pale, lakini nusu yake inatosha kuua. Hapo sijagusa salfa wala sabuni. Kwa hiyo kuongeza kichocheo kungesaidia, ila ungekuwa unatumia nikeli kusafishia mafuta, kazi ambayo udongo wa kung'arishia unaifanya kwa bei ya bure.

Chembe zako zimekua wapi? Sehemu mbili. Ya kwanza ni kukausha. Nikeli nitreti yenye maji sita huyeyuka kwenye nyuzi 57, kwa hiyo ukiiingiza moja kwa moja kwenye 110 chumvi inatiririka na kukusanyika pembezoni mwa punje. Ya pili, na mbaya zaidi, ni kuchoma kwenye bakuli lililojaa ndani ya tanuri lililofungwa. Moshi wa kahawia wa nitreti pamoja na mvuke vinabaki vimezunguka unga, na hali hiyo ndiyo inayoikuza oksidi ya nikeli. Nyuzi 550 inaongezea. Halafu oksidi kubwa ikipitishiwa hidrojeni inazaa metali kubwa, hairudi nyuma.

Ukibaki na njia ya kulowesha, fanya hivi kwa gramu 100 za kichocheo: silika gramu 80, nikeli nitreti gramu 99. Ukitaka yote iingie mara moja kwenye mililita 80 za ujazo wa vitundu, mchanganyiko unakuwa karibu na kushiba kabisa, kwa hiyo gawa mara mbili na ukaushe katikati. Acha wazi usiku mmoja, kisha nyuzi 50 mpaka uwe mkavu wa kushikika, ndipo 110. Choma nyuzi 350 kwa tabaka lisilozidi milimita 5, hewa ikipita juu yake muda wote, chini ya kofia ya kunyonya moshi. Saa 2 zinatosha. Kisha hidrojeni nyuzi 400 hadi 450, ukipanda nyuzi 2 kwa dakika na gesi nyingi, kwa sababu maji yanayotoka wakati wa kuondoa oksijeni nayo hukuza chembe yakizubaa.

Ninayoipendelea mimi ni njia ya yurea, iliyokuzwa Utrecht na kundi la Geus. Maji yasiyo na chumvi lita 2.4, silika gramu 80, nikeli nitreti gramu 99, yurea gramu 61, asidi ya nitriki kidogo ili kuanzia pH 2 hadi 3. Koroga, pandisha hadi nyuzi 90 na ushikilie hapo saa 16 hadi 20 kwenye chombo chenye kifuniko. Yurea inavunjika polepole, pH inapanda kila mahali kwa pamoja, na nikeli inatua kwenye uso wa silika badala ya kudondoka katikati ya maji. Maji ya kuchuja yakiwa bado ya kijani, hujamaliza. Osha, kausha 110, usichome kabisa, nenda moja kwa moja kwenye hidrojeni. Hapo utahitaji nyuzi 500 hadi 550 kwa saa 4 au 5, maana nikeli imejifunga na silika na haiachii kirahisi. Usivuke 590: ni nusu ya kiwango cha kuyeyuka cha nikeli kwa kelvini, na atomu za ndani huanza kutembea. Utapata chembe za nm 4 hadi 6, na atomu za usoni kuzunguka 20%. Yurea ya dukani kwa wauza mbolea ina uchafu wa biureti na mara nyingine punje zimepakwa kitu. Tumia ya maabara, kiasi chenyewe ni kidogo.

Maji ya bomba acha. Maji ya Arusha yanajulikana kwa floridi, na yana kloridi pia. Kwenye silika madhara ni ya kiasi, lakini siku ukihamia alumina badala ya silika utajuta: alumina ndiyo hiyohiyo inayotumika kunyonya floridi kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo utaisheheni floridi kabla hata nikeli haijafika, na uso unakuwa mkali wa asidi. Kwa mafuta ya nyonyo uso wa asidi maana yake OH kutoka. Chukua maji yaliyotoneshwa. Maji ya betri yanafaa ikiwa una hakika ni maji na si asidi iliyopunguzwa, chupa zinafanana.

Mwisho, ule moto mdogo unaouona kichocheo kikitoka kwenye bomba ni nikeli yako inarudi kuwa oksidi. Kilele cha 43.3 ndicho hicho. Kwenye nyuzi 140 haitarudi kuwa metali.

Fundi_Njiro

Asante dada, asante mhandisi. Maswali mawili. Kichocheo kisiguse hewa kinahamishwaje bila sanduku la glavu? Na mafuta nisafishe vipi? Nikitia magadi ya sabuni yanageuka maziwa na hayaachani.

Bi_Kemia (Tengeru)

Usihamishe unga. Hamisha nta.

Ukimaliza hidrojeni, badilisha nitrojeni, poza hadi nyuzi 100 au chini kidogo. Kuwe na chombo chini ya mdomo wa bomba chenye nta ya nyonyo iliyokamilika, imeyeyushwa nyuzi 95, nitrojeni ikipita juu yake. Inamisha bomba, unga uangukie ndani, koroga mpaka mapovu yaishe. Gramu 100 za kichocheo kwa gramu 200 za nta. Mimina kwenye trei ya alumini, ikiganda katakata. Sasa una vipande vyenye nikeli 6.7%, havishiki moto, vinakaa kwenye ndoo iliyofungwa kwa miezi. Viwanda vinavyouza nikeli ya mafuta hufanya hivyohivyo, matone yaliyogandishwa kwenye mafuta magumu. Kwa kilo 8 anza na nikeli 0.1% ya mafuta, gramu 8, ambayo ni vipande gramu 120. Hiyo ni nusu ya nikeli unayotia sasa. Na kwa kuwa nta ni bidhaa yako mwenyewe, huleti uchafu mpya.

Njia nyingine ni kuifunika kwa oksidi nyembamba: nitrojeni lita 20 kwa dakika, hewa nusu lita, baadaye lita 1, themokopo (kipima joto cha waya) ndani ya unga. Joto likivuka nyuzi 45 funga hewa. Inafanya kazi, lakini kuiamsha tena kunataka hidrojeni kwenye nyuzi 200 au zaidi, na wewe huwezi kufika huko ndani ya mafuta ya nyonyo. Kwa hiyo nta.

Jambo la usalama ambalo watu waliozoea kichocheo cha paladi husahau wakihamia nikeli: usipitishe kaboni monoksidi kwenye nikeli iliyopoa, iwe kwa kupima uso au kwa hidrojeni chafu ya kiwandani. Inatengeneza nikeli kaboneli, mvuke wenye sumu ya kuua. Kupima uso wa nikeli tumia hidrojeni. Na oksidi ya nikeli inasababisha saratani, unga wa metali yenyewe nao unashukiwa, kwa hiyo barakoa ya vumbi laini na glavu, si kitambaa.

Mhandisi_Themi

Mafuta: magadi yaache. Mafuta ya nyonyo yana OH nyingi, yanapenda maji, sabuni ikiwemo yanashikana nayo. Isitoshe sabuni inayobaki nayo ni sumu kwa kichocheo.

Pasha nyuzi 75, tia asidi ya sitriki 0.1% ya uzito wa mafuta, ikiwa imeyeyushwa kwenye maji nusu kwa nusu, koroga kwa nguvu dakika 20. Ongeza maji 2%, koroga taratibu nusu saa, utomvu utajikusanya. Tenganisha kwa sentrifuji. Kutuama tu kunachukua muda mrefu kwa mafuta haya. Wapo watakaokuambia utumie asidi ya fosforiki. Kwa alizeti sawa, kwa kichocheo sipendi, inayobaki inaongeza fosforasi uliyokuwa unaikimbia. Kausha kwa vakiumu nyuzi 95, kisha udongo wa kung'arishia uliotiwa asidi 1.5%, nusu saa, nyuzi hizohizo, chuja. Fosforasi iwe chini ya 5, maji chini ya 0.1%. Asidi huru ukiipata chini ya 0.7% utaona ukijani umepungua, kwa sababu ukijani huo ni sabuni ya nikeli: asidi huru inaila metali kutoka kwenye kichocheo. Njia ya kweli ya kuishusha iko kwenye mbegu. Mbegu zilizokaa zimevunjika au zimepata unyevu zinazalisha asidi kabla hujazikamua.

Kuhusu vakiumu, kwa wenzetu wa Arusha: presha ya hewa yetu hapa ni kama bar 0.86, si 1. Geji ya vakiumu haitafika −1 hata pampu iwe mpya, mwisho wake ni −0.86. Kuna watu wamefungua pampu nzima kwa sababu hiyo. Ukisoma −0.80 umebakiwa na bar 0.06, ambayo kwa kukausha ni nzuri. Pwani geji ileile ikisoma −0.80 wamebakiwa na 0.21.

Sakina_Biashara

Samahani kuingilia. Kwa nini msitumie paladi kwenye kaboni mkaachana na haya yote? Nasikia inafanya kazi hata nyuzi 80.

Mhandisi_Themi

Inafanya, dada. Lakini paladi ni hodari zaidi wa kusogeza vifungo kuliko kuvijaza, na kwa nyonyo hilo ndilo tusilolitaka. Halafu kila gramu inayobaki kwenye kitambaa cha kuchujia ni dhahabu imetupwa. Inafaa dawa, manukato, vitu vinavyouzwa kwa gramu. Ukiinunua kumbuka ile ya 5% mara nyingi huja na maji nusu ya uzito, na maji hayo usiyakaushe: paladi kavu iliyokwisha kunyonya hidrojeni inawasha mvuke wa pombe kwa kuguswa na hewa tu.

Chekereni (Moshi)

Wakuu, nyote mmeruka bei ya silika. Huku Lower Moshi pumba za mpunga zinachomwa kando ya mashine za kukoboa, na majivu yake ni karibu silika tupu. Gramu 100 za pumba zinatoa majivu gramu 15 hadi 20. Siri ni kuondoa potasiamu kabla ya kuchoma: chemsha pumba kwenye asidi ya hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, mililita 10 kwa kila gramu, nyuzi 90 kwa saa moja, osha mpaka kloridi iishe (jaribu kwa tone la nitreti ya fedha), kausha, choma nyuzi 600 hewa ikipita. Unapata unga mweupe wa mita za mraba 200 hadi 300 kwa gramu. Usipoosha, potasiamu inayeyusha silika, inafungia kaboni ndani, unapata majivu ya kijivu yasiyo na uso. Ukipita 700 au 800 inaanza kuwa fuwele, na vumbi la silika ya fuwele ni ugonjwa wa mapafu. Majivu ya tanuri la matofali kwa hiyo hayafai, hata wakikupa bure.

Bi_Kemia (Tengeru)

Mangi, kwa usafi sina ubishi, kwa vitundu ninao. Kipenyo cha wastani ni ujazo mara nne ukigawa kwa uso. Silika ya Fundi: mililita 1 na mita za mraba 300 inatoa nm 13. Majivu ya pumba yakiwa na mililita 0.35 na mita za mraba 250 yanatoa nm 5.6, na ukishaweka chembe za nm 5 humo, njia imezibwa. Molekuli ya mafuta yenye mikono mitatu ni kubwa, ikiingia inatoka ikiwa imekwisha kujazwa kabisa huku wenzake nje hawajaguswa. Kwa nyonyo inayokwenda mpaka mwisho hilo si kosa la ubora, ni kosa la muda: bechi itaanza vizuri na kukwama kwenye ayodini 15. Kwa molekuli ndogo, tuseme fenoli au asetoni, pumba zako zinatosha kabisa. Kwa mafuta weka nikeli 5%, si 20, au pima vitundu kwanza.

Chekereni (Moshi)

Nimekuelewa dada. Ukitaka vitundu vikubwa, yeyusha majivu hayohayo kwenye soda kali uyadondoshe upya kwa asidi taratibu, pH 8 hadi 9, nyuzi 80, na uache yakomae saa kadhaa kabla ya kuosha. Ujazo unapanda wazi. Ila ni kazi ya ziada, na sodiamu lazima itoke yote.

Fundi_Njiro

Nitaenda na silika niliyonayo na njia ya yurea. Swali la kuchuja: kichocheo kinarudi kwenye bechi ya pili kikiwa hai vipi?

Mhandisi_Themi

Poza hadi nyuzi 105, nta bado ni maji. Sukuma kwa nitrojeni, si hewa, kupitia filta iliyopakwa diatomaiti (unga wa mwamba wa kuchujia). Ya Kariandusi huko Kenya inafaa. Usiikaushe keki kwa kupuliza. Iache na nta ndani, irudishe kwenye reakta pamoja na mafuta mapya, ongeza robo ya kichocheo kipya kila bechi na utoe robo ya zamani. Ukiona OH inaanza kushuka huku ayodini ikichelewa, tupa yote: kichocheo kilichoshika sumu kinasogeza vifungo vizuri kuliko kinavyovijaza, kwa hiyo kinaharibu bidhaa kabla hakijafa.

Kabla ya hidrojeni kuingia, nitrojeni hadi bar 4 za geji kisha achia, mara tatu. Kwa hewa yetu ya bar 0.86 kila mara unapunguza oksijeni mara tano na nusu, tatu zinaifikisha karibu 0.12%. Mara moja haitoshi. Mwisho wa bechi rudia hivyohivyo kabla ya kufungua kifuniko, hidrojeni inashika moto kuanzia 4% kwenye hewa, na bomba la kuachia gesi lipande juu ya paa.

Keki iliyochoka usiirundike kwenye kona na vitambaa vya mafuta. Nikeli na mafuta juu ya kitambaa hupata joto vyenyewe na kuwaka usiku. Weka kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, juu yake maji. Ni taka hatari, inahitaji mtu mwenye kibali cha kushughulikia taka hizo. Maji ya kijani ya kuoshea kichocheo nayo yasiende Mto Themi: tia soda kali mpaka pH 10, nikeli itatua chini, chuja, na tope hilo lina nikeli ya kutosha kuyeyushwa tena kwa asidi ya nitriki kwa bechi ijayo ya kichocheo.